Skeli meja kwenye gitaa: umbo moja, na uzi mmoja mkorofi

Wengi wanaojifunza gitaa hapa Mombasa huanzia kwenye picha za simu: maumbo matano ya skeli meja, vidoti vyekundu na vyeusi, yote kwa mpigo. Wiki mbili baadaye mtu analipiga umbo la kwanza mbio kama cherehani, lakini mwambie aanzie katikati, au amfuate mwimbaji, anakwama. Picha hazina kosa. Kosa ni kukariri maumbo matano wakati la kushika ni moja.

Kama umeimba kwaya, nusu ya kazi umeshaimaliza. Do re mi fa so la ti do ndiyo skeli meja yenyewe. Kwenye gitaa freti moja, yaani nafasi kati ya chuma na chuma kwenye shingo, ni nusu toni. Mi kwenda fa ni freti 1, ti kwenda do ni freti 1, kwingine kote ni freti 2. Shika uzi wa 6, ule mnene, uanze freti ya 3 ambayo ni noti ya G: 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14, 15. Imba huku ukipiga. Usiruke hatua hii, maana sikio ndilo litakalokukosoa baadaye, si macho.

Sasa ukunje mstari huo ulale kwenye nyuzi tatu:

Uzi wa 6: freti 3, 5 (do, re)
Uzi wa 5: freti 2, 3, 5 (mi, fa, so)
Uzi wa 4: freti 2, 4, 5 (la, ti, do)

Kidole cha shahada kinamiliki freti ya 2, cha kati ya 3, cha pete ya 4, kidogo ya 5. Mkono hautembei. Kidole kidogo kitagoma, na wengi hukisaidia kwa kusukuma kiganja kizima. Hapo vidole vingine vinapoteza nafasi zao. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, usawa wa kidole cha kati. Uzi ukilia kama nzi, sogeza kidole karibu na chuma cha freti badala ya kuzidi kukandamiza. Ukiwa umefanya hivyo na bado vidole vinauma kupita kiasi, pima freti ya 12: uzi wa 6 ukiwa juu kwa zaidi ya milimita 3, hiyo ni kazi ya fundi. Na ukimaliza, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Chumvi ya bahari na jasho la hapa Pwani havichelewi kuzitia kutu, na uzi wenye kutu hautulii ukiutyuni.

Umbo hilohilo, bila kubadilisha chochote, lianzishe uzi wa 5 freti ya 3. Umepata skeli ya C: 3, 5, kisha 2, 3, 5, kisha 2, 4, 5. Lakini lianzishe uzi wa 4 freti ya 5, ambayo ni G tena, na noti tatu za mwisho zitatoka kombo.

Mkorofi ni uzi wa 2. Kila uzi ukiubana freti ya 5 unapata sauti ya uzi unaofuata chini yake, isipokuwa uzi wa 3, ambao sauti hiyo unaipata freti ya 4. Kwa hiyo kila ukivuka kutoka uzi wa 3 kwenda wa 2, umbo lote lililobaki linasogea freti moja mbele. Uzi wa 4: 5, 7. Uzi wa 3: 4, 5, 7. Uzi wa 2 ungekuwa 4, 6, 7, sasa ni 5, 7, 8. Umbo moja na sheria moja, na yale maumbo matano ya kwenye picha yamezaliwa humo.

Faida yake utaiona kwenye bendi. Bango, muziki wa hapa Pwani, haliendi bila saksafoni, na wapuliza saksafoni hupenda B-flati na E-flati, funguo (yaani noti ya kuwekea do) ambazo mpiga gitaa aliyezoea kodi za wazi, noti kadhaa zinazopigwa pamoja huku nyuzi nyingine hazijabanwa, anazikimbia. Kwako ni do kwenye uzi wa 6 freti ya 6, au uzi wa 5 freti ya 6, basi. Taarab ni mlango mwingine: maqamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya Hijaz ina mruko wa freti 3 kati ya noti ya pili na ya tatu, na umbo hili halitakufikisha huko.

Fanya mazoezi kwa metronomu ya simu, mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa pigo. Ukipiga mara tano mfululizo bila kukosea, ongeza 5. Siku nyingine anzia so, au la, popote isipokuwa do.

Kisha piga noti mbili pamoja, kwani ladha ya gitaa la rumba imejaa humo. Katika C, uzi wa 2 na wa 1 kwa pamoja (0 ni uzi usiobanwa): 1 na 0, 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, 13 na 12. Ona vidole vinavyopishana, mara freti moja, mara mbili. Zinapopishana moja ni do, fa na so. Zilizobaki ni mbili. Panda na ushuke taratibu, uziache nyuzi zote mbili zilie sawasawa.