Hamira na Maua

Tangu Jumapili kuna maneno yamenikaa kooni. Mnaomfahamu mama mnajua hana ukali. Husema akiwa ameinamia ungo, kisha anaendelea kupepeta.

"Hivi huko chuoni unasoma nini hasa?"

"Protini, mama. Jinsi zinavyovunjwa ndani ya hamira."

"Hamira hii ya maandazi?"

"Hiyo hiyo."

"Haya. Na Maua tukamuuza."

Basi. Mahari ya dada imepokelewa wiki hii, baba mdogo katoka hospitali, umeme ulikatika siku mbili, mimi bado nipo kwa Maua. (Wageni: Maua ni yule ng'ombe aliyeuzwa kulipa ada yangu ya chuo.) Alimaanisha tulimuuza bure? Au alimkumbuka tu? "Na Maua tukamuuza." Usiku namjibu peke yangu: mama, mitokondria za hamira, vile vinu vya nishati ndani ya seli, zina kimeng'enya kiitwacho Pim1, kinasafisha protini zilizoharibika, na hamira isiyo nacho hupoteza hadi DNA ya mitokondria zake. Hata sisi tunacho cha ukoo huo mwilini. Lakini mchana nilisema "protini", nikanyamaza.

Jana jioni, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ndiyo hii mnayoijua, nikamkuta anafumua sweta la mtumba alilonunua Mwanjelwa, amfumie mjukuu. Ncha ya uzi imechomoza kama punje ya mchele. Anaibana, inamponyoka. Anaibana, inamponyoka. Akaichokoa kwa pini hadi ikafika urefu wa kidole, akaizungushia kidoleni, akavuta. Safu nzima ikaachia, krrr.

Nikaruka. "Mama, Pim1 ndivyo inavyofanya!" Protini iliyojikunja ikakaza inaishinda, maana nguvu zake za kukunjua ni ndogo. Inataka mkia uliolegea pa kuanzia, tena mrefu, kama asidi amino (viungo vya mnyororo wa protini) 60 hivi. Mkia mfupi haushikiki. Na protini kama ile iitwayo DHFR, hata ukiipa mkia, ukishaikaza kwa methotreksati, dawa inayoing'ang'ania, haifumuki ng'o.

Mama akaniangalia juu ya miwani. "Kwa hiyo mnatafuta ncha."

"Ndiyo."

"Shika huku, basi."

Nikashika. Tumezungusha uzi hadi saa nne usiku, Maua hakutajwa.

Sasa hivi mawingu yamelala juu ya mlima Loleza, na maharage yote yako nje kwenye turubai. Mvua ya msimu huu inatoka wapi jamani?