Siku ya Chupuchupu

Swali lilitoka chini ya kitanda. Mwanangu alikuwa anatafuta kiatu, akaibuka na lile boksi la bati, na kabla sijasema kitu kifuniko kilikuwa kimeshafunguka. Akachomoa kinyago kimoja, akakigeuzageuza, akakipima uzito kiganjani. Vinyago alivyozoea ni vya plastiki. Hiki ni cha metali tupu, kizito kuliko kinavyoonekana.

"Mama, huyu ni mzuri au mbaya?"

Alikuwa ameshika Yeld. Mwenye mabawa.

Nikamwambia asubiri, nitamwambia. Kisha nikakaa pale sakafuni, mguu mmoja wa kiatu mkononi, nikashindwa kuanza.

Waliocheza Necromunda ya zamani, ile ya 1995, wameshajua ninakoelekea. Kwa wengine: ni mchezo wa vita wa mezani, wa Games Workshop, unaotokea mbali sana mbele ya zama zetu, katika ulimwengu wa Warhammer 40,000. Hive Primus ni mji mmoja uliojengwa kama kichuguu cha chuma, umepanda zaidi ya kilomita kumi. Juu kabisa, kwenye Mnara, wanakaa mamwinyi, na ndio pekee wanaoliona jua. Chini ya Mnara kuna Ukuta. Chini ya Ukuta kuna viwanda vya koo sita kubwa. Na chini ya viwanda, mahali ambapo kuba za zamani zimeporomoka na maji machafu ya mji mzima yanachuruzika, ndiko magenge yanakopigania visima, machimbo na marundo ya mabaki ya chuma. Kila mchezaji ana genge lake, na mechi moja inazaa nyingine: aliyejeruhiwa leo anaingia mechi ijayo na jeraha lake, na aliyekufa amekufa.

Mwaka 1996 ikatoka nyongeza iliyowaleta Spyrers. Hao ni watoto wa zile nasaba za juu ya Ukuta. Wanavaa deraya za kuwindia zenye thamani ambayo genge zima la chini haliwezi hata kuiwazia, wanakula kiapo, wanashuka kuwinda watu. Hawashuki kwa deni, wala njaa, wala kisasi. Wanashuka kwa sababu wamechoka na karamu, na kwa sababu nasaba zao zinaheshimu kijana aliyerudi na kiapo kilichotimia. Wanaowawinda hawajawahi kuwakosea lolote.

Mimi niliwapenda. Nasema hivyo bila kuzunguka, maana nisiposema, mengine yote yatasikika kama ya mtu aliyekuwa anachukia tangu mwanzo. Nilimpenda Orrus na ngumi zake kubwa kama mapipa. Nilimpenda Malcadon anayetambaa ukutani na kurusha utando. Jakara ana upanga mwembamba na ngao ya kioo inayomeza mwali wa leza. Na Yeld, huyu mwenye mabawa yenye makali, nilimpaka rangi jioni kadhaa mfululizo kwa brashi ya nywele chache, bluu inayoingia kwenye zambarau mpaka ncha za mabawa zikaonekana kama mafuta yaliyoelea juu ya maji. Niliwapa nasaba ya Ulanti kwa sababu jina lilinipendeza. Walikuwa wanne tu, na hao wanne walitosha.

Mdogo wangu alikuwa na genge la Orlock, ukoo mmoja kati ya zile sita, wale wa plastiki waliokuja na boksi la mchezo, na wote wamesimama karibu mkao mmoja. Aliwatofautisha kwa rangi za vitambaa vya kichwani. Alianza na krediti 1,000 kama sheria inavyotaka, akazihesabu kwa penseli: kiongozi 120, mpiganaji wa kawaida 50, mbeba silaha nzito 60, kurutu 25, na silaha juu yake. Kurutu wake wa mwisho alimtengeneza mwenyewe. Alichukua mpiganaji mmoja, akamkata bunduki, akamwekea bastola, akamchonga mabega yawe membamba kidogo ili aonekane mtoto.

Jina la Chupuchupu kurutu huyo hakupewa mwanzoni. Alilipata. Katika mechi yake ya kwanza aliangushwa, na mwisho wa mechi mdogo wangu akarusha dadu za majeruhi. Ni dadu mbili, moja ya makumi na nyingine ya mamoja. Zikatoka sita na sita. Sitini na sita ni tokeo la juu kabisa kwenye jedwali: mtu ambaye kila mmoja amemhesabu mfu anazinduka na kurudi kambini kwa miguu yake. Mdogo wangu aliruka mpaka kiti kikaanguka. Kuanzia hapo kurutu akawa Chupuchupu, na kila mechi alipewa nafasi ya kukimbia mbele ya wenzake, kana kwamba bahati ile ilikuwa shati aliloweza kulivaa tena na tena.

Mechi ninayoizungumzia ilikuwa ya tano au ya sita kati yetu. Sehemu kubwa siikumbuki. Orrus alivunja mstari wao upande wa kushoto, Malcadon akamnasa mbeba silaha nzito kwenye utando, mdogo wangu akajitahidi kuwaficha waliobaki nyuma ya mabomba. Ninachokumbuka ni ule ujia wa chuma, ghorofa ya pili, na Chupuchupu peke yake juu yake.

Alikuwa amepanda ngazi ili apate mstari wa kumlenga Jakara. Alifyatua akakosa, kurutu anahitaji tano au sita, na dadu ikatoa mbili. Zamu ikarudi kwangu. Nikamwinua Yeld kutoka kwenye paa la jengo la pili, nikapima kwa futi, na nikaona anafika. Naikumbuka futi ile ikiwa imenyooka hewani juu ya meza, na mdogo wangu akiinama kuitazama kwa upande wake, kimya, akitafuta kama imepinda hata kidogo. Haikupinda.

Nikamweka Yeld mbele ya Chupuchupu. Kwa mara ya kwanza nikaviona vinyago vile viwili vimegusana. Changu kina rangi tano na kung'aa kwa mafuta. Chake kina mabega yaliyochongwa kwa kisu cha karatasi, na doa la gundi limekauka kwenye mkono wa bastola. Mabawa yangu yalikuwa mapana kiasi kwamba kurutu hakuonekana tena kutoka nilipokaa. Ilinibidi niinuke ili nimwone.

Tulirusha dadu za kupigana ana kwa ana. Haikuchukua muda. Akaanguka, akatolewa mezani, na hasara ile ikafikisha robo ya genge lake. Robo ikiisha kuanguka, kiongozi lazima apimwe moyo: dadu mbili, jumla isizidi uongozi wake. Ikazidi, wakakimbia, mechi ikaisha. Nilikuwa nimeshinda, na nilipiga makofi. Nakumbuka nilipiga makofi.

Kisha mdogo wangu akamlaza Chupuchupu kwenye ukingo wa meza na kuchukua dadu za majeruhi.

Jedwali lile tulilijua kwa kichwa. Matokeo mengi ya katikati ni ahueni kamili, mtu anafuta vumbi na kurudi. Kumi na moja mpaka kumi na sita ni kifo. Maana yake ni kwamba dadu ya makumi ikionyesha moja, ile ya pili haina tena la kusema. Kwa kawaida alikuwa anazirusha zote mbili kwa pamoja, kwa kishindo. Siku hiyo alizirusha moja moja. Sijui kwa nini. Alirusha ya makumi kwanza, ikaviringika, ikagonga ukuta wa jengo la kadibodi, ikasimama.

Moja.

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilijua, yeye alijua. Angeweza kuishia hapo. Badala yake akaichukua dadu ya pili, akaifumbata ndani ya viganja viwili, akaitikisa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na akairusha kwa uangalifu wote, kama vile bado kuna jambo la kuamuliwa. Ikatoka tano. Kumi na tano. Akaisoma kwa sauti: "Kumi na tano." Akachukua karatasi ya genge na kuchora mstari juu ya jina. Mstari mmoja, ulionyooka, kwa rula. Na bastola ikaondoka na mwenyewe, maana mfu hufa na vitu vyake.

Kilichofuata ndicho kilichonikaa zaidi.

Baada ya mechi genge la chini lina kazi. Wapiganaji waliosalimika wanatumwa kwenye maeneo yao, na mdogo wangu alikuwa na matano: rundo la mabaki ya chuma linalotoa krediti 15, magofu yanayotoa 10, na mengine ambayo mapato yake yanategemea dadu. Anajumlisha. Kisha anaangalia jedwali jingine linaloonyesha ni kiasi gani kinabaki baada ya watu kula, na kadiri midomo ilivyo mingi ndivyo kinavyopungua. Ndipo anaanza kujiuliza kama anaweza kumudu kurutu mpya, au kwanza azibe pengo la silaha. Alifanya hesabu ile karibu nusu saa, akifuta na kuandika upya, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo.

Na mimi nilikaa tu. Spyrers hawana maeneo. Hawana mapato, hawanunui chakula, hawaajiri mtu. Sheria haikuniachia kazi yoyote isipokuwa kusubiri. Niliwapanga wanne wangu kwenye mstari mbele yangu, wazuri ajabu, hakuna aliyekwaruzwa, nikamtazama akihesabu.

Akainua kichwa. "Dada, hao wako wanakwenda wapi sasa?"

Hakuwa ananisema. Alitaka kujua. Nikafikiri, nikamwambia, "Hawaendi popote. Wanangoja tu."

Akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye hesabu. Baada ya kitambo kidogo akanikumbusha: "Hujarusha ya kwako. Yeld amepata uzoefu."

Ilikuwa kweli. Kumwangusha adui kunaongeza uzoefu, na uzoefu wa kutosha unaiamsha deraya: inajirekebisha, inazidi kuwa kali. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza. Sijui kama ningenyamaza mpaka mwisho, lakini kwa dakika ile nilikuwa nimekusudia hivyo, na yeye, aliyepoteza, ndiye aliyenidai nipewe haki yangu. Nikarusha. Deraya ya Yeld ikapata nguvu fulani. Ni nguvu gani, nimesahau. Nimesahau kabisa kile ambacho Chupuchupu alikilipia, na hilo linaniuma kuliko dadu yenyewe.

Tulipokuwa tunakusanya vitu, mdogo wangu alimchukua kurutu aliyelazwa ukingoni, akamtazama, na badala ya kumrudisha kwenye sanduku la Orlock akaniletea mimi. "Akae kwako. Kwangu hana jina tena." Nikamfunga kwenye kipande cha kitambaa na kumweka kwenye boksi la bati.

Niliendelea na Ulanti mechi nyingine chache, halafu nikaacha. Mara kadhaa nimejaribu kujieleza kwa nini, na kila mara naishia mahali tofauti. Ni mchezo. Sheria zilikuwa za haki kwa namna yake: genge dhaifu hupewa uzoefu wa ziada likikutana na lenye nguvu, na mwindaji wangu akifa hapati mrithi, ilhali yeye kwa krediti 25 angempata mwingine. Hata hivyo siku hizi, nikisikia kwamba wawindaji wa Mnara wamerudi kwa plastiki, wenye deraya mpya na mikao ya ajabu, moyo unanidunda kwa furaha ileile ya zamani, na kabla furaha haijatulia nawaona wale wanne kwenye mstari, wakingoja. Vyote viwili ni kweli. Sijui pa kuviweka.

"Mama. Mzuri au mbaya?"

Nikamwambia ni kijana tajiri sana aliyeshuka kuwinda.

"Kuwinda nini?"

Kabla sijajibu, alikuwa ameshaona kitambaa kwenye kona ya boksi. Akakifungua. Chupuchupu amepauka, na doa la gundi limegeuka njano. Mwanangu akamsimamisha sakafuni, akamsimamisha Yeld mbele yake, akalala kifudifudi ili awatazame kwa usawa wa macho yao.

"Na huyu mdogo ni nani?"

"Wa mjomba wako," nikasema. "Anaitwa Chupuchupu."

Akalirudia jina mara mbili, likamfurahisha. Akaketi, akafikiri, akamchukua Yeld akamweka upande wake, na kurutu akamsukuma polepole kwa kidole mpaka akafika kwenye goti langu.

"Wewe chukua huyu."

Nikainuka kwenda kutafuta dadu.