Daftari za Mwezi wa Nne

Mzigo wa kikundi chetu kwenda shule ya msingi kule kwetu Rufiji umeondoka leo asubuhi Mbagala Rangi Tatu, Dar, kwenye basi la Kilwa. Katoni za daftari, salfeti moja la penseli, raba na vichongeo, na jora la kitambaa cha bluu kwa ajili ya fundi wa Ikwiriri. Nimempigia Mwalimu Mkuu kumtajia namba ya gari na simu ya kondakta, akasema vijana wa bodaboda wameshapangwa kusubiri pale njia panda. Masika hayajachanganya bado. Hilo ndilo nililokuwa naliomba kwa Mungu wiki nzima, maana mvua zikishachanganya ile njia ya vumbi inayotoka kwenye lami kwenda shuleni haipitiki na mzigo, na katoni ya daftari ikilowa basi tena.

Jioni hii nimekaa kuandika kwa sababu swali ni lile lile kila mwaka, na linatoka kwa watu wema waliotoa pesa zao: kwa nini tunapeleka daftari Machi? Shule zinafunguliwa Januari, na Januari ndipo kila mtu anapomkumbuka mwanafunzi. Kariakoo hapapitiki, waheshimiwa wanakabidhi mabegi, na mtoto anayeanza darasa la kwanza anatoka kwao na daftari mpya hata kama ni mbili tu.

Sina ugomvi na Januari. Lakini kwetu Rufiji, Januari ni mwezi ambao mzazi angalau ana kitu mfukoni. Korosho zimeuzwa mnadani kuanzia Oktoba, malipo yamepitia chama cha msingi cha ushirika, na hata aliyepata kidogo ameweza kwenda Ikwiriri kununua kaptula na daftari. Baada ya hapo pesa haionekani tena mpaka ufuta uanze kuuzwa, na hapo ni kuelekea mwezi wa sita. Daftari za Januari zinaishia katikati ya kipindi hicho. Mtoto wa darasa la tano anayeandika kila siku hamalizi Machi na daftari ya kurasa chache aliyoanza nayo.

Halafu kuna bonde. Asiyetoka kwetu hawezi kulijua hili, kwa hiyo nilieleze taratibu. Mashamba ya mpunga yako chini, bondeni kwa mto, na nyumba ziko juu. Zamani haikuwa hivyo. Wazee wetu waliishi huko huko bondeni kwenye udongo unaorutubishwa na mafuriko yenyewe, hadi baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilipowahamishia kwenye vijiji vya juu. Watu walihama, mashamba yakabaki. Ndiyo maana msimu wa kilimo ukifika familia inafunga vyombo na kurudi bondeni, inaishi kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na watoto wanakuwa na kazi ya kuamia ndege na kufukuza nguruwe pori na ngedere. Mwalimu anaita majina asubuhi, madawati mengi hayana watu. Baadhi ya watoto wanarudi mwezi wa nne, wengine hadi mavuno yaishe. Daftari waliyoondoka nayo ama imelowa, ama imechanwa kuwashia moto, ama imesahaulika dunguni.

Simlaumu mzazi hata kidogo. Mpunga usipoamiwa hakuna chakula mwaka mzima, na mimi mwenyewe nimekula mchele ulioamiwa na watoto. Lakini mtoto aliyekosa wiki zote hizo akirudi mikono mitupu, anakaa siku mbili tatu akiwatazama wenzake wanaandika, kisha habari za shule zinamtoka moyoni na anarudi bondeni kwa miguu yake mwenyewe. Huyo ndiye ninayemfikiria ninapobishana bei na wenye maduka ya jumla. Namtaka aingie darasani, aambiwe "karibu," apewe daftari na penseli siku hiyo hiyo, na somo liendelee.

Wapo wanaosema elimu ni bure, daftari za nini. Ni kweli, tangu Januari 2016 ada na michango ilifutwa kuanzia awali hadi kidato cha nne, na baadaye nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa na nililiona kwa macho, madarasa ya kwanza yalivyofurika. Lakini waraka wa elimu uliofafanua mpango huo umeweka sare na vifaa vya kujifunzia kwenye majukumu ya mzazi. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu vya kiada, na 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, na kitasa cha ofisi kikivunjika. Daftari ya mwanafunzi haina fungu lake humo. Walimu ninaowafahamu wananunua kalamu kwa mishahara yao na hawasemi.

Kikundi chetu kilizaliwa na mafuriko ya Aprili 2024. Sisi ni watu wa Rufiji tunaoishi Dar, wengine tulisoma pamoja, wengine tumefahamiana misibani. Maji yalipofunika mashamba na nyumba, na shule kadhaa zikazingirwa, kila mtu alikusanya alichoweza, na kilichokuja kwa wingi kilikuwa nguo. Mwalimu mmoja ndiye aliyetuambia kwenye simu, kwa upole kabisa: "Dada, nguo tumepata, Mungu awabariki. Watoto hawana pa kuandikia." Toka siku hiyo hatununui kitu kabla orodha haijatoka shuleni, imeandikwa na walimu wa madarasa na kupitiwa na kamati ya shule.

Orodha hizo zimenifunza mengi. Darasa la kwanza na la pili, ambako kazi kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wanataka penseli kuliko kitu chochote. Mwalimu wa darasa la kwanza hukata penseli moja vipande viwili ili watoto wawili waandike. Wanataka vichongeo, kwa sababu bila kichongeo kinachotumika ni wembe, na vidole vya mtoto wa miaka saba na wembe ni balaa. Wanataka daftari za mistari mikubwa na za vyumba vya hesabu. Kuanzia darasa la tatu masomo yanaongezeka, na hapo ndipo utaona mtoto ana daftari moja kwa masomo yote: Kiswahili kinaanzia mbele, hisabati inaanzia nyuma imegeuzwa kichwa chini, na sayansi imebanwa katikati. Mwalimu akiikusanya ili asahihishe somo moja, mtoto hana pa kuandikia yaliyobaki. Nimezishika daftari za namna hiyo mikononi. Zimeandikwa hadi kwenye jalada, ndani na nje, kwa hati nzuri.

Lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni namna ya kugawa. Kikaoni mzee mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu sana, alisema kila mtoto apewe moja moja ili kusiwe na manung'uniko. Namuelewa. Kijijini kitu kikigawanywa vibaya maneno yake hayaishi. Mwalimu wa taaluma akasema moja moja itaisha ndani ya wiki chache na mwezi wa nne utatukuta pale pale. Mwingine akapendekeza orodha ya watoto maskini. Hapo mama mmoja mwenye wajukuu shuleni akanyoosha mkono, akasema, "Mkimwita mjukuu wangu mbele kwa jina la maskini, sitamleta tena." Kikao kikanyamaza kidogo.

Walichokubaliana ni hiki, na mimi naona ni busara ya watu wanaojua watoto wao. Darasa la kwanza na la pili wanapata wote, bila kuulizwa. Kuanzia la tatu, daftari zinakaa kwenye kabati la ofisi, na mtoto aliyemaliza yake anaileta kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu anaifungua, anaona imejaa, anaweka alama kwenye jalada, anampa mpya. Hakuna anayeulizwa baba yake ana nini. Aliyerudi kutoka bondeni hana cha kuonyesha, na kamati ilisema wazi kwamba huyo apewe vile vile, kwa neno la mwalimu. Mwenye uwezo hukuta mzazi wake ameshanunua dukani, hafiki kabatini. Yule mzee aliyetaka moja moja ndiye anayetunza ufunguo wa pili.

Kila kitu kinaandikwa kwenye kitabu cha mapokezi, kinasainiwa na Mwalimu Mkuu na mwenyekiti wa kamati, na taarifa inakwenda kwa Afisa Elimu Kata. Picha ya ukurasa huo, na picha ya kabati lililojaa, ndizo ninazowatumia waliochangia. Baadhi wanaomba picha za watoto wamepanga mstari wameshika daftari. Nawajibu kwa heshima kwamba hatupigi. Mtoto wa darasa la nne amekwenda shule kusoma, na akiwa mtu mzima asije kukuta sura yake imehifadhiwa kwenye simu za watu kama ushahidi wa shida za kwao. Wapo walioacha kuchanga kwa sababu hiyo. Nimewaombea heri, na msimamo umebaki ule ule.

Ndugu yangu aliyeko Muscat alitaka kutuma mabegi ya shule kwa boksi, mazuri kweli, ya rangi. Tukapiga naye hesabu ya usafirishaji na kuutoa mzigo bandarini, tukaona pesa hiyo peke yake inanunua daftari za darasa zima hapa hapa Kariakoo. Akatuma pesa. Ninawaomba wote walioko nje wafanye hivyo, maana pamoja na unafuu wa bei kuna jambo la pili ninalolithamini sana: sare tunashonesha Ikwiriri. Kitambaa kinatoka Dar, lakini shati jeupe, kaptula na sketi za bluu zinashonwa na fundi wa pale, ambaye naye ana watoto kwenye shule ile ile na alipoteza shamba kwenye maji ya 2024. Anapima kila mtoto mwenyewe, anaacha upindo mpana ili nguo ishushwe mtoto akikua.

Mwaka huu michango ilikuwa mizuri. Ramadhani na Kwaresima zimeanza karibu wakati mmoja, na watu wetu katika miezi hiyo mikono inafunguka. Wengi walituma elfu mbili, elfu tano, na karibu wote wameweka na ya kutolea, jambo dogo linalonigusa kila mara. Mama mmoja anayeuza vitumbua Temeke alituma mara mbili, akasema ya pili ni kwa niaba ya marehemu mumewe. Nimeliandika jina la marehemu kwenye kitabu chetu.

Kilichopungua ni taulo za kike. Wasichana wa darasa la sita na la saba wanakosa siku kadhaa kila mwezi, na mwalimu wa kike wa shule ile amekuwa akilisema hili bila kuchoka. Bajeti ya 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo, ya 2019 ikairudisha kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Niliumia ilipotangazwa na bado naumia, kwa sababu bei isiposhuka wa kubanwa ni muuzaji, na mtoto wa kike hakuwa na kosa lolote hapo. Wanaume kwenye kikundi chetu walikuwa wanalikwepa suala hili mwanzoni. Mwaka huu kaka mmoja, baba wa mabinti watatu, amesimama mwenyewe kulisemea, na amekubali kulisimamia.

Mwalimu Mkuu amenipigia tena baada ya Isha. Mzigo umefika, katoni zote ni kavu, na zimewekwa juu ya mbao kwa sababu ya mchwa. Ameomba mambo mawili. La kwanza ni turubai la kufunika kabati, kwa kuwa bati la ofisi linavuja upande wa dirisha. La pili ni mikebe ya hisabati kwa darasa la saba, ambao mtihani wao ni Septemba, na kwa sasa bikari moja inazunguka darasa zima. Turubai nitalifuata Jumatatu na litaondoka na basi la Jumanne kama njia itakuwa bado inapitika. Mikebe itasubiri Julai shule zikifunguliwa, na mchango wake naufungua kesho.