Rilei kulia tik sio ushahidi

Kuna kamchezo ka mafundi wetu wa umeme wa magari kananikera. Feni ya rejeta haizunguki, fundi anaweka kidole juu ya rilei, kale kaswichi ka umeme kanakowasha feni, anakwambia washa, ikilia tik basi kesi imeisha, "rilei nzima hii boss, kanunue feni". Unaenda kununua feni used, inafungwa, nayo imetulia tu.

Ile tik ni koili, ule waya wa ndani unaogeuka sumaku, imevuta, basi. Kazi ya kupitisha moto mkubwa, yaani umeme wa feni yenyewe, inafanywa na kontakti, vile vibati vya ndani vinavyogusana, na hizo kila zikishika na kuachia zinapiga cheche, taratibu zinaungua zinakuwa nyeusi. Kwa hiyo rilei inaweza kulia vizuri kabisa na moto usifike kwenye feni.

Ichomoe uangalie namba kwenye pini. 85 na 86 ni koili, 30 moto unaingia, 87 unatoka, na kama ina 87a hiyo inashikana na 30 rilei ikiwa imelala. Zile ndogo za Toyota mara nyingi hazina namba hizi ila ubavuni kuna mchoro, soma mchoro. Mita iweke kwenye omu upime koili, nyingi za volti 12 zinasoma omu kati ya 50 na 120 hivi, ikiandika OL, yaani umeme haupiti, koili imekatika. Halafu hamisha mita kwenye bipu upime 30 na 87 bila kuipa moto, hapo mita inatakiwa ikae kimya, ikipiga bipu ujue kontakti zimegandana, ndo zile gari unatoa funguo feni bado inazunguka na asubuhi betri imekufa.

Sasa ipe koili moto wa betri, waya uwe na fyuzi ndogo, na kama mchoro una dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, usigeuze chanya na hasi utaiua hapohapo. Imelia tik, mita inapiga bipu kwenye 30 na 87, wengi wanaishia hapo, mi siishii, maana mita inapitisha umeme kiduchu sana na feni inataka ampia 10 na zaidi. Chukua balbu ya taa kubwa ya wati 55, hiyo inakula kama ampia 4 na nusu, ipitishie moto kwenye 30 na 87, iwake, halafu ikiwa inawaka weka mita kwenye volti upime 30 na 87. Rilei nzima itakuonyesha karibu na sifuri. Yangu ikifika volti 0.2 naitupa, sijadiliani nayo.

Huna mita? Badilishana na ya honi kama ni zilezile, pini sawa, mchoro sawa na ampia sawa. Pini kuingia tu haitoshi.

Wenye Honda za zamani mnaijua ile gari inayogoma kuwaka mchana wa jua kali halafu jioni inawaka kama hakuna kilichotokea, ile rilei kuu ya pampu ya mafuta soda zake ndani, zile za kuunganishia pini, zinapasuka, joto likipanda zinaachia. Ukizipiga soda upya mara nyingi inapona.

Na kabla hujanunua mpya chungulia tundu lenyewe. Plastiki ikiwa ya kahawia au imeyeyuka, terminali zimelegea, hapo anza na tundu, la sivyo hiyo rilei mpya nayo itaungua.