Damu kwenye mswaki

Mimba ilipofika miezi mitano, kila asubuhi nikisukutua, maji yalitoka mekundu. Mama mkwe akanituliza: "Mwanangu, mimba hula meno, yatapita." Nikaacha kupiga mswaki upande wa kushoto kwa sababu uliuma. Ujinga huo, nakiri.

Daktari wa meno alinikatalia hilo la mimba kula meno. Homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe na kutoa damu hata kwa uchafu kidogo tu. Ukiacha ugaga ukajikusanya, ugonjwa unaweza kushuka hadi kwenye mfupa unaoshika jino.

Nyumbani nikaanza kusoma, na laiti nisingesoma usiku. Mwaka 1996 watafiti wa North Carolina, Marekani, walieleza kuwa akina mama wenye ugonjwa mkali wa fizi walijifungua njiti zaidi kuliko wenzao. Sikulala! Kesho yake nikakuta utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2006, wenye wajawazito zaidi ya 800: kusafishwa fizi wakati wa mimba hakukupunguza njiti. Ila kulikuwa salama, na hali ya fizi ikawa nafuu. Basi uhusiano umeonekana, lakini kwamba fizi ndizo zinazoharakisha uchungu, hilo halijathibitika.

Nikasafishwa ugaga, nusu saa ya kukunja vidole vya miguu. Binti alikuja wiki ya 39, kilo 3.1. Bibi yake bado anasema amebeba jino langu moja.