Jenereta Inayowaka Kila Jumatatu

Kwa miaka mitatu jenereta yangu ilijiwasha yenyewe kila Jumatatu saa nne asubuhi, ikanguruma kwa dakika kumi na mbili na kuzima, nami nikaendelea na shughuli zangu nikiamini kwamba mashine ni nzima. Umeme ulipokatika kwa muda mrefu kwa mara ya kwanza, iliwaka bila kusita, ikabeba nyumba nzima kwa takriban robo saa, kisha sauti yake ikaanza kupanda na kushuka kama mtu anayetafuta pumzi, na hatimaye ikazima. Fundi aliyefika siku ya pili alifungua chujio la dizeli, akamimina kilichokuwa ndani kwenye chupa inayopitisha mwanga na kuiweka juani. Chini kabisa palikuwa na maji, juu ya maji palikuwa na utando mweusi unaoteleza kama ute, na dizeli ilielea juu ya vyote.

“Mzee, hii haikuharibika jana,” aliniambia.

Mpaka siku ile nilihesabu kwamba huduma ya fundi ni kumwaga oili chafu na kufuta vumbi. Alinieleza kwamba injini inayozunguka bila mzigo huhitaji mafuta machache sana, na chujio lililoziba nusu linaweza kuyapitisha bila shida. Injini hiyohiyo ikipewa pampu ya maji, friji na viyoyozi kwa pamoja hudai mafuta mara kadhaa zaidi, na hapo ndipo chujio linaposhindwa. Majaribio yangu ya Jumatatu, ambayo yalikuwa yamezidi 150, yalikuwa yamethibitisha tu kwamba betri bado inaweza kuzungusha stata, ile mota ndogo inayoiamsha injini.

Maji yale hayakumwagwa na mtu. Tangi lililojaa nusu huvuta hewa, hewa hiyo hupoa usiku na kuacha unyevu kwenye kuta zake, na matone yakishateremka hukaa chini ya dizeli kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta. Pale vimiminika hivyo viwili vinapokutana huota vijidudu vinavyokula mafuta yenyewe na kuacha ule utando. Siku hizi siliachi tangi lipungue chini ya robo tatu, fundi hufungua kizibo cha chini na kutoa maji kila anapokuja, na dizeli inayokaribia kutimiza mwaka huichoma katika kipimo cha mzigo ili nafasi yake ichukuliwe na dizeli mpya.

Kipimo hicho cha mzigo ndicho ninachokitaka kuliko kitu kingine chochote ninapolipia huduma, na kwa bahati mbaya ndicho ambacho fundi mwenye haraka hukiruka. Fundi wangu huja na sanduku lenye vipasha joto na feni kubwa, ambalo halina kazi nyingine duniani isipokuwa kula umeme na kuugeuza joto. Huliunganisha na jenereta, akaongeza mzigo hatua kwa hatua, na katika kila hatua akasoma volteji, idadi ya mizunguko, joto la injini na shinikizo la oili. Jenereta ya kutoa umeme wa Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, ikiwa ni ya nguzo nne za sumaku, lazima izunguke mara 1,500 kwa dakika. Mzigo unapoingia ghafla mwendo huyumba kidogo, na jambo la kuangaliwa ni kama unarudi mahali pake upesi au unaendelea kuyumba. Kwa injini ya dizeli kipimo hiki pia ni tiba, kwa sababu injini inayozungushwa mara kwa mara bila mzigo haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote, na mabaki yake hujikusanya kwenye bomba la moshi kama lami nyevu. Mafundi hushauri mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wa mashine. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo moshi mweusi ulitoka kwa karibu dakika ishirini kabla haujasafika, na sikujivunia hata kidogo.

Betri nayo hudanganya kwa namna hiyohiyo. Betri ya volti 12 iliyojaa chaji ikiwa imepumzika husoma takriban 12.6, na mwenye nyumba akiona namba hiyo huridhika, ingawa sahani za ndani zinaweza kuwa zimechoka kiasi cha kuporomoka mara tu stata inapodai nguvu. Fundi huifunga kwenye kipimo kinachovuta nusu ya uwezo wake wa kuwashia injini kwa sekunde 15 na kuangalia kama volteji inabaki juu ya 9.6. Halafu hupima chaja, kwa kuwa chaja inayozidisha huikausha betri, na inayopunguza huiua polepole. Betri ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya jenereta kukataa kuwaka, na baada ya miaka mitatu mimi huibadilisha hata ikifaulu. Wengine wataona huo ni ufujaji.

Kuhusu oili sina mengi ya kusema. Hubadilishwa mapema mara ya kwanza, mashine ikiwa mpya, na baadaye kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Niliwahi kuuliza kwa nini oili ya mashine iliyofanya kazi saa chache tu imwagwe, nikajibiwa kwamba kuwaka kwa muda mfupi huacha unyevu na asidi ndani yake bila joto la kuviondoa. Kinachosahaulika ni upande wa pili: umeme ukikosekana wiki nzima, injini itakuwa imezunguka saa 168, na gari lililokwenda mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwa muda huo lingekuwa limetembea kilomita 8,400. Kwa hiyo katika ukosefu mrefu wa umeme mimi huizima walau mara moja kwa siku, nikaiacha itulie na kuangalia kijiti cha oili kabla ya kuiwasha tena. Wenye mashine za gesi hawana taabu ya maji kwenye tangi, lakini wao wana plagi za cheche za kubadilisha, shinikizo la gesi la kupimwa mashine ikiwa na mzigo, na nafasi za vali za kurekebishwa.

Kuna sehemu ambazo sizigusi kabisa, hata kwa kutazama karibu. Swichi inayobadilisha chanzo cha umeme huwa na umeme wa pande mbili, na kazi yake kubwa, mbali na kutuwashia taa, ni kuhakikisha kwamba umeme wa jenereta haurudi kwenye laini ya mtaani, ambako transfoma ingeupandisha hadi maelfu ya volti na kumuua fundi anayeamini kwamba waya haina kitu. Fundi huifungua, hukaza viunganishi vilivyolegea kwa joto, hutafuta rangi ya kuungua, kisha hukata umeme mkuu na kuhesabu sekunde hadi nyumba ipate mwanga. Anapoingiza mikono kwenye injini huanza kwa kuweka swichi ya mashine mahali pa kuzima, kutenga chaja na kufungua waya hasi wa betri, maana mashine hii haimngoji mtu kuiwasha. Niliwahi kumwona fundi mwingine akishika mkanda wa feni bila kufanya hayo; sikumwita tena.

Yaliyobaki huenda upesi: chujio la hewa, mipira ya redieta, maji yake ya kupozea, viunganishi vya bomba la moshi ambavyo vikivuja vinaweza kuingiza nyumbani hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Mwaka jana alikuta kiota cha panya nyuma ya altaneta, sehemu inayozalisha umeme, na waya mmoja umetafunwa hadi shaba ikaonekana. Mashine ilikuwa imewaka Jumatatu iliyotangulia kama kawaida.

Jaribio la Jumatatu halijaondolewa, ila sasa nasimama karibu nikisikiliza, na mara moja kwa mwezi naiachia ibebe nyumba kwa nusu saa. Katika daftari linaloning’inia ndani ya kifuniko, fundi huandika tarehe, saa za mita, volteji ya betri chini ya mzigo na mambo aliyoyaacha kwa safari ijayo. Ukurasa wa mwisho unasema saa 412, volti 10.4, mkanda una nyufa ndogo, ubadilishwe. Mkanda mpya tayari ninao.