Tumbo na Kilo ni Mambo Mawili Baada ya Kujifungua

Baada ya kuulizwa jina la mtoto, swali linalomfuata mama aliyejifungua ni lini tumbo litaondoka. Nimeulizwa hivyo mara nyingi, tena na watu wanaonitakia mema, na kila mara jibu langu limekuwa refu kuliko walivyotarajia. Tumbo lililobaki na kilo zilizoongezeka havina chanzo kimoja, havipungui kwa mwendo mmoja, na mara nyingi linalosaidia hili halisaidii lile. Mama anaweza kurudia uzito wake wa zamani kamili na bado akaulizwa mimba ina miezi mingapi.

Nianze na kilo. Mtoto huwa na kilo tatu na kitu, kondo la nyuma huzidi nusu kilo, na ukijumlisha maji ya uzazi na damu, mwili hupungua takriban kilo 5 au 6 siku ile ile ya kujifungua. Katika wiki zinazofuata hutoka maji ambayo mimba ilikuwa imeyahifadhi kwenye damu na kwenye miguu iliyovimba. Hutoka kwa mkojo na kwa jasho, na hilo jasho wengi wetu hatukuwa tumeonywa: unaamka usiku gauni la kulalia limekuganda mgongoni, shuka imeloa, ilhali chumba hakina joto lolote. Bila homa, jasho hilo ni la kawaida. Likiambatana na homa, mwone mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo. Wakati huo huo mji wa mimba, ambao mara baada ya kujifungua huwa na uzito wa karibu kilo moja, husinyaa hadi gramu 100 au chini ya hapo kwa muda wa wiki sita hivi. Mtoto anaponyonya, homoni ya oksitosini huufanya ujikaze, na ndiyo sababu siku za mwanzo unyonyeshaji huja na maumivu ya tumbo yanayofanana na ya hedhi.

Yote hayo huonekana kwenye mizani kama ushindi mkubwa, ilhali mafuta ya mwili karibu hayajaguswa. Baada ya wiki hizo mizani hukwama, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuanza kujinyima chakula, kumbe kazi yenyewe ya kupunguza mafuta ndiyo kwanza inaanza. Mimba huweka akiba ya mafuta ya kilo 3 au 4 hivi, hasa mapajani na kiunoni, iwe nishati ya kutengenezea maziwa. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009 unamtaka mwanamke aliyeshika mimba akiwa na uzito wa kawaida aongezeke kati ya kilo 11.5 na 16. Aliyeongezeka zaidi ya hapo ana akiba kubwa zaidi ya kushughulikia, na atahitaji muda mrefu zaidi.

Kuhusu kunyonyesha, nadhani tumeahidiwa mno. Ni kweli kwamba kutengeneza maziwa ya mtoto anayenyonya tu hugharimu mwili takriban kalori 500 kwa siku, na si kidogo. Lakini mwili haukai kimya huku akiba yake ikichotwa; huleta njaa, na njaa ya kunyonyesha haina subira. Mimi ilikuwa ikinijia saa tisa usiku, mtoto akiwa bado kifuani, na nilikula chochote ambacho mkono mmoja ungeweza kukifikia na kukifungua, ambacho kwa kawaida ni kile chenye sukari. Ongeza usingizi uliokatikakatika, ambao huongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya shibe, utaelewa kwa nini baadhi ya wanawake hupungua haraka wanaponyonyesha na wengine hukaa na kilo zao mpaka mtoto aache ziwa. Hakuna aliye mvivu kati ya hao wawili. Kwa maoni yangu, mama anayenyonyesha hahitaji ratiba ya mlo iliyobandikwa ukutani. Anahitaji mtu wa kumwekea, kabla ya kulala, chakula chenye protini na matunda yaliyokwisha kukatwa, pamoja na maji, mahali ambapo mkono mmoja unafika.

Kasi ya nusu kilo kwa wiki, baada ya maziwa kutulia, kwa kawaida haimdhuru mtoto wala haipunguzi maziwa. Kula chini ya kalori 1,800 kwa siku huku unanyonyesha ni kujitafutia uchovu, na kwa wengine maziwa hupungua pia. Dawa na vinywaji vinavyouzwa kwa ahadi ya kukausha mwili sivipendi hata kidogo: vingi huharisha au kukojoza tu, kilo zinazoondoka ni maji, na baadhi ya vilivyomo huweza kufika kwenye maziwa.

Sasa tumbo lenyewe. Misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena huunganishwa katikati na ukanda wa tishu ngumu, na mimba inapokua ukanda huo hutanuka na misuli kuachana kama zipu iliyoachia. Kwa wengi hujirudi wenyewe katika miezi ya kwanza. Kwa wengine pengo hubaki, na tumbo huchomoza hata kwa mwanamke mwembamba. Kulipima ni rahisi. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu kwa upana, kisha inua kichwa taratibu. Nilipofanya hivyo, vidole vilizama mahali palaini kati ya kingo mbili ngumu, na katikati ya tumbo pakainuka tuta jembamba kutoka kitovuni kwenda juu. Pengo likizidi upana wa vidole viwili, ni vyema tabibu wa viungo alitazame.

Hapo ndipo mazoezi ya kukata tumbo yanapomdanganya mama. Kulala chali na kujiinua mara mia huku tuta lile likichomoza ni kuusukuma nje ukanda ambao bado umelegea. Yanayofaa mwanzoni huonekana kama si mazoezi kabisa: kutoa pumzi polepole huku ukivuta kitovu ndani, na kukaza misuli ya sakafu ya nyonga kana kwamba unazuia mkojo, kisha kuilegeza kabisa. Haya ya mwisho yalielezwa na daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948, na mtu anaweza kuyafanya akiwa anambembeleza mtoto. Mkanda wa tumbo huupa mgongo egemeo, na aliyepasuliwa huweza kupata nafuu anapokohoa au kusimama, lakini hauyeyushi mafuta, na ukikazwa mno huelekeza shinikizo chini, kwenye misuli ile ile tunayotaka ipone.

Kutembea kunaweza kuanza siku chache baada ya kujifungua salama, kwa hatua fupi. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri kidonda kipone na aruhusiwe kabla ya kuinua vitu vizito au kufanya mazoezi makali.

Kuna hali ambazo mlo na mazoezi havizitibu. Tezi ya shingo huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, ikaanza kwa kukimbiza moyo na kumkondesha mama, kisha ikazembea na kumwachia uzito, uchovu, baridi na nywele zinazokatika. Uchovu huo hufanana mno na uchovu wa kulea, ndiyo maana hupita bila kutambuliwa; kipimo cha damu hutosha kuigundua. Upungufu wa damu nao hupimwa hivyo hivyo. Na mama anayekula kupita kiasi au asiyekula kabisa kwa sababu moyo umemwelemea, analia bila kujua sababu na hafurahii chochote, atibiwe sonona kwanza, kilo zitasubiri.

Mbio na kuruka ndivyo vya mwisho kurudi, kwa kawaida si kabla ya mwezi wa tatu. Mkojo ukivuja unapokimbia, au ukihisi uzito unaoshuka ukeni, rudi kwenye kutembea na umwone tabibu wa viungo kabla ya kujaribu tena.